Kitanda Katika Eneo la Ajira

Kwa heshima na taadhima, ninawatangazia wananchi wote kwamba wilaya yetu haina tena upungufu wa nyumba, wala haina mtu mzima asiye na kazi. Matatizo hayo mawili, yaliyowashinda wataalamu wa kila ngazi, yalimalizwa na ofisi yetu ya mipango katika kiangazi kimoja, bila kununua tofali na bila kumwajiri mtu. Wenye wivu wanasema haiwezekani. Wenye wivu hawajausoma Mpango.

Mimi nimeusoma, kwa sababu ndimi niliyeuchapa. Cheo changu ni Afisa Mipango Msaidizi, Matumizi ya Ardhi, na ndimi pekee katika wilaya nzima niliyekabidhiwa makopo matatu ya rangi: njano kwa makazi, zambarau kwa ajira, kijani kwa mapumziko. Mitaani wananiita Bwana Kopo. Sijali. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe.

Nianze na chanzo. Wizara ilizitaka wilaya zote zioneshe nyumba mpya, ajira mpya na ardhi iliyogawanywa vizuri. Wilaya nyingine zilihangaika. Zikapima viwanja, zikaita makandarasi, zikagombana na wenye mashamba mpaka wazee wakatoa mapanga. Mkurugenzi wetu hakuhangaika. Alijinyoosha kwenye kochi lake pale ofisini, akafumba macho, maana ndivyo anavyofikiri, na alipoyafumbua akaniita.

"Bwana mdogo, nyumba ni nini?"

Nikamwambia nyumba ni msingi, kuta, paa, na choo ikiwezekana.

"Hapana. Nyumba ni mahali watu wanapolala. Na ajira?"

"Mahali watu wanapofanya kazi, mheshimiwa."

"Sasa tujenge ili iweje? Nenda kaangalie. Ukikuta watu wamelala, hapo ni makazi. Ukikuta wanafanya kazi, hapo ni ajira. Wakiwa wanacheza, mapumziko. Paka rangi, twende mbele."

"Na wenyewe tukiwauliza?"

"Watu huwaulizi. Utauliza leo mpaka mwakani. Serikali haisikii, inaona."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Macho, ambayo sasa ndiyo uti wa mgongo wa Mpango: matumizi ya ardhi ni yale aliyoyaona afisa wakati wa ukaguzi, na yakishapakwa rangi, matumizi mengine hayaruhusiwi. Penye njano ni kulala tu. Penye zambarau ni kazi tu. Nilipoichapa kanuni hiyo nilisisimka mwili, na nilidhani ni homa.

Wakati wa ukaguzi ukawa mchana, baada ya chakula. Wapo walionong'ona kuhusu saa hiyo, lakini sababu zake ni za kitaalamu. Asubuhi gari la ofisi huwapeleka watoto wa Mkurugenzi shuleni, kisha humpeleka mama yao sokoni, na jioni huwa linawafuata tena. Linapatikana mchana tu, muda ambao Mkurugenzi mwenyewe yuko kwenye kikao cha ndani. Kikao cha ndani hufanyika kochini, mlango ukiwa umefungwa na viatu vikiwa chini, na mwenendo wake husikika mpaka masjala.

Matokeo yalikuja mazuri kupita matarajio. Gereji kubwa ya karibu na daraja niliikuta mafundi wake wamejilaza chini ya lori, kofia zimefunika nyuso.

"Mmelala?" nikauliza.

"Tumejinyoosha kidogo mkubwa, jua kali," akajibu fundi mkuu bila kufumbua macho.

"Kujinyoosha au kulala?"

"Haya, tumelala. Kwani kuna ubaya?"

Hapakuwa na ubaya wowote. Nikapaka geti njano na gereji ikawa makazi ya familia nyingi. Sokoni niliwakuta wauza mkaa wamesinzia juu ya magunia yaliyopangwa moja juu ya jingine, nikaandika makazi ya ghorofa. Karakana ya seremala wa mtaa ilikuwa hivyo hivyo, seremala amelala kwenye maranda yake kama kuku anayeatamia. Shule ilikuwa na watoto uwanjani wakicheza mpira, kwa hiyo ni mapumziko, na mwalimu mkuu ametakiwa kuacha kufundisha, agizo ambalo wanafunzi wamelipokea kwa mikono miwili.

Pale makaburini nilisita kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba kazi yangu si kusita. Niliandika: makazi ya msongamano mkubwa, mazingira tulivu, wakazi hawana malalamiko ya maji, umeme wala barabara. Mkurugenzi alipolisoma hilo alilirudia kwa sauti.

"Hawa ndio wananchi wa kupigiwa mfano," alisema.

Upande wa ajira ndio uliotutoa machozi ya furaha. Mchana, kwenye nyumba za watu, hakuna anayelala. Huyu anafua, yule anapasua kuni, wale wawili wanasukana nywele, bibi anachambua mchele, babu anaziba ndoo iliyotoboka. Kazi tupu, mtaa baada ya mtaa, na brashi yangu ikawa haikauki zambarau. Wanawake ambao miaka yote walihesabiwa hawana kazi sasa wanazo. Mshahara hawana, lakini hilo ni la idara nyingine.

Na nyumba iliyong'ara kuliko zote ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, ile ya serikali, juu kule kwenye mtaa wa wakubwa. Nilimkuta mtunza bustani akikata ua, mpishi akimenya viazi, dobi akipiga pasi, yaya akibembeleza, na mlinzi ambaye kwa bahati nzuri alikuwa macho. Nikapaka nguzo ya geti zambarau kwa heshima zote. Mkurugenzi alifurahi mno, akaagiza picha ya nyumba hiyo iwekwe kwenye jalada la Mpango, na chini yake maneno: Mfano Bora wa Eneo la Ajira. Picha yake mwenyewe iliwekwa ndani, kurasa kadhaa.

Sasa nifike kwenye suala la mama mkwe wangu, ambalo ninalieleza bila upendeleo.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake, kando ya barabara ya lami, na wanafunzi wa mji huu wamepita mikononi mwake tangu wakivaa kaptura mpaka wakaleta za watoto wao. Nilifika pale na kopo la zambarau mkono mmoja, brashi mkono wa pili, nikapiga hodi ingawa nilikuwa nimeshamwona na yeye ameshaniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nimekuja kikazi."

"Kikazi na kopo?" Mguu wake ulikuwa bado uko kwenye pedeli. "Unataka kunipakia nyumba? Mungu akubariki, ukuta wa nyuma umechoka sana."

"Mama, hapo ulipo unafanya nini?"

"Baba, si unaniona nashona."

Nilimwona. Nikachovya brashi.

Aliendelea kushona nilipokuwa napaka. Nilipomaliza nikamsomea Kanuni: kuanzia siku ya uzinduzi wa Mpango, nyumba hii ni ya kazi tu. Asubuhi anaruhusiwa kuja kushona, jioni anafunga anaondoka. Hakuna kulala, hakuna kupika, hakuna kuugua. Na vitu vya makazi vitolewe vyote, kuanzia mito hadi kitanda.

"Kitanda?" akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitanda.

Marehemu baba mkwe alikuwa seremala. Kabla hajaoa alinunua mbao nzito, akaziingiza chumbani moja moja, akafunga kitanda humo humo ndani, kipana kuliko mlango na kuliko dirisha. Watu walipocheka alisema kitanda kisichotoka mlangoni hakina wa kukigombea. Na kweli, alipofariki, ndugu zake walikuja kabla machozi hayajakauka. Walichukua kabati, wakachukua viti, redio, hata mwavuli. Kitanda walikivuta, wakakisukuma, wakakigeuza ubavu, mwisho wakakaa juu yake kupumzika na wakaondoka bila hicho. Ndicho alichobakiwa nacho mama mkwe, hicho na cherehani. Mke wangu alizaliwa juu yake.

"Baba," mama mkwe akaniambia taratibu, "mashemeji kiliwashinda. Na serikali mna mikono mikubwa kuliko ya mashemeji?"

Nikamwambia serikali ina utaratibu.

Kwa kuwa familia ya afisa inapaswa kuwa mfano, mama mkwe alihamia kwangu hata kabla ya uzinduzi. Kwangu ni vyumba viwili. Tulimpa chumba, na mimi, mke wangu na mtoto tukashuka mkekani sebuleni. Msomaji aliyeoa atanielewa nikisema kwamba nyumba yenye mama mkwe ndani haina tena baba mwenye nyumba. Nilikuwa nakohoa kabla ya kuingia sebuleni kwangu. Nilikuwa naoga nimevaa, au karibu na hapo. Siku mbili za mwanzo alikaa kimya kama mgeni. Ya tatu nilimkuta ameshika fagio, sebule yote imepangwa upya na mimi sijui kaptura zangu ziko wapi.

"Mama, pumzika, wewe ni mgeni," nikamwambia.

"Mgeni siku mbili, baba, ya tatu mpe jembe. Sikutaka kuwasumbua, nimejipa mwenyewe."

Lakini mke wangu alikuwa na lake. Alinisubiri nikiwa nafunga kamba za viatu, wakati ambao mwanaume hawezi kukimbia.

"Baba watoto, mama halali."

"Godoro ni jipya."

"Sisemi godoro. Anakaa kitako tu mpaka asubuhi. Nimemuuliza, anasema akigeuka upande wa ukutani hamkuti baba. Kwenye kitanda chake anamkuta." Akaninyooshea kiatu cha pili. "Kama mtakivunja kile kitanda, kavunjeni. Ila usije ukanieleza mimi habari za utaratibu."

Nilikwenda kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo. Nilimsubiri mpaka kikao cha ndani kikaisha, akatoka na alama ya mto shavuni. Nikamweleza kitanda, upana wake, mlango, marehemu. Alisikiliza akijikuna tumbo, si kwa ubaya. Mkurugenzi si mtu mbaya, ni mtu aliyeshiba tu.

"Bwana mdogo, nakuhurumia. Lakini nikimwachia mama mkwe wako kitanda, kesho kila mtu ataniletea mama mkwe wake. Kitanda katika eneo la ajira ni sawa na jiko katika maktaba."

"Hakitoki mlangoni, mheshimiwa."

"Basi kitoke vipande vipande. Na kitoke kabla ya uzinduzi, kwa sababu ile nyumba iko barabarani, Kamishna anayekuja kutoka wizarani ataiona ya kwanza. Mtafute mtu mwenye shoka. Nitakwenda mwenyewe kuhakikisha."

Mwenye shoka alikuwa yule seremala wa mtaa. Kwa bahati mbaya karakana yake ilikuwa njano, na mtu wa njano haruhusiwi kuchukua zana akafanya kazi mpaka apewe kibali cha kubadilisha matumizi. Kibali hutolewa na ofisi yangu, na husainiwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa na vikao vingi vya ndani wiki ile. Nilifuata taratibu zote. Sikukimbia, sikuchelewesha. Nilitembea tu.

Siku ya uzinduzi ikafika. Tulifunga turubai kando ya barabara, tukapanga viti, tukamwaga maji kupunguza vumbi. Kamishna alikuwa atoke wizarani asubuhi, lakini barabara yetu ina mashimo ambayo yamo kwenye Mpango uliopita, kwa hiyo alichelewa. Chakula kilichoandaliwa kwa wageni kikaanza kupoa. Mkurugenzi aliona si heshima kukiacha, akala kwa niaba ya Kamishna, kisha kwa niaba ya ujumbe wake, kisha akaongeza kidogo kwa niaba ya dereva.

Asubuhi ile nilipita nyumbani kwa mama mkwe nikamkuta chumbani anatandika. Alikuwa amefua shuka jeupe, amelipiga pasi, na sasa analinyoosha pembe kwa pembe kwenye kitanda kitakachovunjwa mchana.

"Mama, kwa nini unajisumbua?"

"Kisiende uchi," akasema.

Niliumia. Ninalisema wazi, kwa kuwa kwenye Mpango hakuna mahali pa kuliandika. Nikatoka nje nikasimama na kopo langu kama mtu aliyetumwa sukari akasahau duka.

Baada ya kula, Mkurugenzi alifunga kifungo cha koti, akakifungua tena, akasema anakwenda kuhakikisha kitanda kimetoka. Seremala alikuwa bado anasubiri kibali pale kwangu, shoka begani. Nikamwambia Mkurugenzi, kwa adabu, kwamba kibali kinahitaji saini yake. Akasema atasaini akirudi, kwanza akaone ukubwa wa kazi. Akavuka barabara akaingia ndani peke yake. Nyumba ile ina ubaridi mzuri mchana. Marehemu aliijengea dirisha upande wa upepo.

Hakurudi.

Gari la Kamishna lilifika likiwa limebadilika rangi kwa vumbi. Akashuka mama mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, Mpango wetu uko kwapani umejaa vikaratasi vya kuwekea alama. Niliogopa kidogo. Sikuwahi kukutana na mtu mwingine aliyeusoma.

"Mkurugenzi yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda kukagua, mheshimiwa. Eneo la ajira la mfano, hilo hapo mbele."

"Vizuri. Tumfuate huko huko, hotuba baadaye."

Tukavuka: Kamishna, mimi na makopo yangu, seremala na shoka, mafundi wa gereji ambao siku hizi hawana la kufanya, na nyuma kabisa mke wangu amemshika mama yake mkono. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Koti la Mkurugenzi lilikuwa limetundikwa juu yake. Mama mkwe alilitazama, akalitoa, akalikunja vizuri, kisha akasukuma mlango wa chumba.

Mkurugenzi wa Mipango alikuwa kitandani, katikati, amelala chali juu ya shuka jeupe, soksi miguuni, mkanda umelegezwa. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka kwa utaratibu. Alikuwa anakoroma ule mkoromo ninaoujua mimi, unaoanza chini, unapanda, unakata, mpaka unadhani amekwenda moja kwa moja, halafu unarudi.

Tukasimama kwa heshima, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

"Huyu nani?" akauliza Kamishna kwa sauti ya chini.

"Ndiye Mkurugenzi wetu, mheshimiwa."

"Na afisa mkaguzi?"

"Ni mimi."

"Ni saa ya ukaguzi?"

"Ndiyo hii."

"Haya. Anafanya nini?"

Swali hilo nimewauliza watu wa wilaya nzima, na halikuwahi kunielemea mpaka siku hiyo. Jibu la kawaida nilikuwa nalo mdomoni: yuko kwenye kikao cha ndani. Nimelisema kwa wananchi, nimelisema kwa madiwani, nimewahi kulisema kwa mke wa Mkurugenzi kwa simu. Mke wangu alikuwa ananitazama. Mama mkwe hakunitazama mimi. Alikuwa anakitazama kitanda, kwenye mguu wake, pale ambapo marehemu alikosea patasi akaacha kovu.

"Amelala," nikasema.

Mkurugenzi alisikia neno hilo usingizini, maana alikurupuka akakaa, nywele zimesimama upande mmoja.

"Niko kazini," akasema. "Karibu mheshimiwa. Nilikuwa natafakari."

"Unatafakari umelala?"

"Ndivyo ninavyofanya kazi, mheshimiwa. Ofisi nzima inajua."

Kamishna akavaa miwani, akafungua Mpango penye kikaratasi. "Kama kulala hivi ni kazi, basi hawa wa gereji uliwakuta kazini. Wauza mkaa walikuwa kazini. Seremala alikuwa kazini."

"Na kule makaburini wako kazini wote," akaongeza fundi mkuu wa gereji, "tena hawaendi likizo."

"Nitalazimika kufuta makazi yote uliyoyaongeza," akaendelea Kamishna. "Wilaya itabaki haina nyumba hata moja. Kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kunijibu. Ulikuwa unafanya kazi, au ulikuwa umelala?"

Nilimwona Mkurugenzi akifikiri akiwa macho, jambo ambalo lilimtoa jasho. Upande mmoja kulikuwa na Mpango, wenye picha zake, ambao ungempeleka wizarani. Upande wa pili kulikuwa na soksi zake, moja imetoboka kidole gumba. Akashusha pumzi.

"Nilikuwa nimelala," akasema.

"Fofofo?"

"Fofofo, mheshimiwa."

Kamishna akanigeukia. "Kanuni inasemaje?"

"Serikali haisikii, inaona."

"Mimi naona makazi. Paka."

Kopo la njano nilikuwa nalo. Siku hiyo niliona vyema nibebe yote matatu, na nisiulizwe kwa nini. Nilipaka njano juu ya zambarau, nikifuta macho kwa ajili ya moshi wa gari la Kamishna, ambalo lilikuwa limezimwa. Seremala akaliteremsha shoka begani akalisimamisha ukutani. Mama mkwe hakupiga vigelegele wala nini. Alikwenda tu kumsogeza Mkurugenzi kidogo, akanyoosha shuka.

Tulidhani yamekwisha. Lakini Kamishna alikuwa bado na vikaratasi.

"Hii nyumba ya kwenye jalada, Mfano Bora wa Eneo la Ajira. Ni ya nani?"

"Ni yangu, mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, akijaribu kuvaa kiatu na tabasamu kwa pamoja. "Ina ajira nyingi sana."

"Naona. Na penye zambarau ni kazi tu, hakuna kulala. Sasa wewe unalala wapi?"

Katika vikao vyote, vya ndani na vya nje, hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

"Mheshimiwa, ni kifungu tu, tunaweza kukirekebisha."

"Mpango mzuri hivi? Nimetoka mbali kuja kuuzindua, siwezi kuuharibu siku ya kwanza." Akanigeukia. "Mkazi anaandikishwa wapi?"

"Pale afisa alipomkuta amelala, mheshimiwa."

Mama mkwe akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu.

"Analala hapa kwangu," akasema. "Mmemkuta wenyewe."

Kamishna alipiga muhuri, akafunga Mpango, akauzindua pale pale barazani kwa kukata uzi wa cherehani, kwa sababu utepe ulikuwa umebaki ng'ambo. Hakucheka hata mara moja. Ndiyo maana yuko wizarani.

Tangu hapo Mpango unatekelezwa bila vikwazo. Mafundi wa gereji waliomba ukaguzi wa marudio nikawakuta macho, tena wanagonga nyundo kabla sijashuka garini. Wauza mkaa vivyo hivyo. Mwalimu mkuu siku hizi huwaingiza watoto darasani gari letu likionekana kwenye kona. Nyumba za watu nazo, nikipita mchana, kila moja ina mtu mmoja amejilaza sebuleni na jicho moja wazi. Makaburi tu ndiyo hayajaomba marudio.

Mama mkwe alirudi kwake, na Mkurugenzi akahamia huko na sanduku moja. Mke wake amebaki kule juu kama msimamizi wa eneo la ajira, na wanaomtembelea wanasema amenawiri. Mama mkwe alimsafishia mgeni wake chumba cha uani, kile cha kuwekea vipande vya vitambaa, akamtandikia mkeka. Siku mbili alimpikia, akamnawisha mikono, akamuuliza kama maji ya kuoga ni ya moto vya kutosha. Siku ya tatu alimpa fagio. Mkurugenzi aliligeuza geuza, akauliza linashikwa upande gani.

Mimi ninaendelea na ukaguzi. Kila mchana baada ya chakula nasimama nje ya nyumba ile na makopo yangu, nachungulia dirisha la upande wa upepo. Cherehani imefunikwa. Kitanda kiko pale pale, kimetandikwa, na mama mkwe amejipumzisha upande wake, uso ukutani. Mlango wa uani uko wazi, na mkekani Mkurugenzi wa Mipango anatekeleza Mpango kwa sauti. Naandika: makazi. Natikisa kichwa kwa kuridhika, nageuka kwenda zangu.

Na kabla sijafika barabarani namsikia mama mkwe, taratibu, kwa ile sauti anayozungumza nayo na kila mtu aliye chini ya paa lake:

"Baba, ameshaondoka. Amka, bado hujafagia uani."